Msawazo Upo, Lakini Uko Wapi?

Baba yangu hakuelewa kazi niliyokuwa nikiifanya mjini, na nilipojaribu kumweleza ndipo nilipogundua kwamba hata mimi sikuwa na hakika sana.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzoni mwa elfu mbili. Nilikuwa nikisomea shahada ya uzamifu ya uchumi katika chuo kimoja katikati ya Nairobi, huku nikifundisha wanafunzi wa mwaka wa tatu somo linaloitwa nadharia ya michezo. Jina lenyewe lilinitesa. Kwetu, upande wa Kabete, mama mmoja wa kanisani alimwomba mama yangu aniulize kama ningeweza kumwingiza bintiye kwenye timu ya voliboli. Mama akasema ataniuliza, na kweli akaniuliza.

Hakuna mpira katika somo hilo. Kuna watu wawili au zaidi, kila mmoja anavutia kwake, hawajafungwa na mkataba wowote, na atakachopata kila mmoja kinategemea watakachofanya wenzake. Swali ni watafanya nini. Jibu tunaliita msawazo: hali ambapo kila mmoja, akitazama wanachofanya wengine, haoni faida ya kubadili anachofanya yeye. Hatusemi kwamba wanafurahi. Foleni ya magari ya asubuhi kutoka Kangemi hadi Westlands ni msawazo safi kabisa. Kila dereva amenuna, na hakuna hata mmoja anayeweza kujisaidia peke yake.

Tasnifu yangu ilithibitisha kwamba katika aina fulani ya michezo, iliyo migumu kidogo, msawazo upo. Kurasa nyingi, alama nyingi za Kigiriki, na mwishoni neno hilo moja: upo. Haikusema uko wapi, wala kama ni mmoja au ni elfu, wala watu wenye akili timamu watafikaje huko. Msimamizi wangu, mzee mpole aliyeishi Karen na mbwa wake wakubwa, aliona hayo si maswali ya kumkosesha mtu usingizi. Ukishathibitisha kwamba kitu kipo, alisema, kukitafuta ni kazi ya mafundi.

Baba alinisikiliza jioni moja akikamua ng'ombe. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo wanafunzi wangu hawakuliweza.

"Kwa hivyo umethibitisha hiki kitu kiko," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Na hujui kiko wapi."

"Hapana, Baba. Hiyo si sehemu ya kazi yangu."

Akakamua kidogo. "Ng'ombe yangu ikipotea, hata mimi najua iko. Shida yangu huwa ni iko wapi."

Nilimwambia si jambo moja. Akasema ni jambo moja, akabeba ndoo yake akaenda zake.

Mwanamume niliyetaka kuolewa naye alikuwa mpimaji ardhi. Ofisi yao ilikuwa mjini, lakini siku nyingi alikuwa mashambani akisimika zile nguzo za mipaka tunazoziita bikoni. Kwao ni Magharibi, mbele ya Kakamega. Alikuwa mtu wa maneno machache na subira ya kuudhi. Nadhani alikuwa amezoea kuona vitu vikikaa mahali vilipowekwa, na hakuona kwa nini watu wafanye vinginevyo.

Jumamosi moja, tukiwa bado tunafahamiana, tulipanga kuonana mjini baada ya chakula cha mchana. Mahali tungeelewana kwa simu. Simu yangu, ile yenye mwanga wa kijani, ikaisha chaji kabla sijafika. Mtu wa kawaida angekwenda moja kwa moja mbele ya lile jengo la kale ambako Nairobi nzima hukutana. Mimi nikaanza kufikiri. Anajua sipendi msongamano, kwa hivyo hatanitarajia hapo. Atanitarajia kwa wauza vitabu vikuukuu wa kando ya barabara. Lakini anajua kwamba mimi najua hivyo, kwa hivyo huenda akarudi pale pa watu wote. Lakini akijua kwamba nimefika hapo katika kufikiri, basi… Nilizunguka katikati ya jiji hadi viatu vikanichubua, na mwishowe nikaketi katika mkahawa ambao hakuwa na sababu yoyote duniani ya kuujua. Jioni nilimkuta mbele ya jengo la kale, amesimama na gazeti alilokwisha kulisoma mpaka matangazo ya vifo.

"Ulikuwa wapi?" nilimuuliza, tena kwa ukali.

"Hapa."

"Mchana wote?"

"Si ungekuja tu? Kila mtu hukuja hapa."

Nilimweleza kwamba mchezo wa namna hii una misawazo mingi. Kila mahali ambapo sote wawili tungefika ni msawazo, na ugumu wote uko katika kuchagua mmoja. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akakunja gazeti lake.

"Sawa. Tufanye hivi," alisema. "Tukipoteana, mimi nasimama pale niko. Sihami. Wewe ndio unakuja. Tukitafutana sisi wote wawili, tutazeeka hii town."

Sikumwambia kwamba kuna watu wenye vyeo vikubwa ambao wameandika vitabu vinene kufika mahali hapo. Tuliutumia mpango huo miaka yote iliyofuata, Ngara sokoni, kwenye mazishi, kwenye maonyesho ya kilimo. Kila mara nilimkuta amesimama. Kila mara nilichelewa, kwa sababu njiani nilianza kujiuliza kama safari hii naye ameamua kuhama.

Sasa, kwetu kuna jambo hufanyika siku ya mahari ambalo wageni wa mbali huliona mzaha hadi linapowafikia. Bibi harusi hufunikwa leso kuanzia utosini, na wasichana wengine hufunikwa vivyo hivyo, kisha wanapangwa pamoja, na bwana harusi anaambiwa amchukue wake. Akikosea, anachekwa, watu wake wanatozwa faini ya kreti za soda, na anajaribu tena. Kwa watu wengi huishia hapo, kwenye kicheko. Kwangu haingeishia hapo, kwa sababu Baba alikuwa ametamka neno.

Alilitamka mezani, siku mchumba wangu alipokuja kujitambulisha. Alimwita Bwana Mpimaji, kwa heshima zote, akamwongezea chai.

"Wewe umetoka mbali," alimwambia, "na huyu mtoto wangu ni mgumu kujua. Hata sisi tumejaribu. Siku hiyo ukichukua mwingine, tutakula, tutaomba, halafu mtarudi kwenu. Mje tena mwaka mwingine, ukishamjua."

Mama alicheka, ili mgeni ajue kwamba ni utani. Baba hakucheka.

Darasani niliwafundisha wanafunzi kupuuza vitisho vya namna hiyo. Mtu akitisha kufanya jambo litakalomuumiza yeye mwenyewe, msimwamini, niliwaambia, maana siku ikifika atatafuta pa kutokea. Lakini tulipokuwa wadogo, Baba alituambia kwamba tukigombania televisheni tena ataiuza. Yeye ndiye aliyeipenda kuliko sisi sote, hasa mieleka. Kwa mujibu wa nadharia, televisheni ile ilikuwa salama kabisa. Aliiuza wiki hiyo hiyo, na kwa miaka mingi akawa anakwenda kutazama mieleka kwa jirani, amesimama nje ya dirisha, kwa sababu aliona haya kuingia na kuomba kiti.

Kwa hivyo niliogopa. Nasema bila kuzunguka: niliogopa mpaka nikakosa hamu ya kula. Si mwaka wa kungoja uliokuwa ukinitisha. Lile neno la Baba, kwamba mimi ni mgumu kujua, lilinichoma kwa sababu nililijua kuwa kweli. Nilikuwa nimejipatia mtu mmoja ambaye, kwa fikira zangu, ananijua bila kuelezwa, na sasa jambo hilo lilikuwa limewekwa hadharani kujaribiwa, mbele ya nusu ya Kabete na basi zima la watu wa Magharibi.

Mkuu wa mambo ya leso alikuwa tata, ndivyo kwetu tunavyomwita shangazi, dada mkubwa wa Baba. Alikuwa ameolewa Loresho, kwenye nyumba yenye ua uliokatwa kwa mkasi, lakini ukoo ulipokuwa na shughuli alirudi nyumbani na aproni yake akashika usukani. Alikuwa amewafunika maharusi wetu wote, na hila zote zilikuwa zimepita mikononi mwake. Kulikuwa na wakati maharusi walikohoa kidogo ili watambuliwe. Tata akawaagiza wote waliofunikwa wakohoe, na siku hiyo bwana harusi alijikuta mbele ya kitu kama wodi ya wagonjwa wa kifua. Wakahamia kwenye kucha za miguu zilizopakwa rangi, akawavalisha soksi. Wakategemea urefu, akawaketisha.

Kwangu mimi alijipita. Alinichukua tukaenda Ngara, kwenye maduka ya jumla, akanunua leso za rangi moja na maandishi mamoja, na glavu nyeupe za wasimamizi wa harusi. Kisha akakusanya gambuti, zile buti ndefu za mpira, za Baba na za majirani wote wenye ng'ombe, nyeusi kwa nyeusi, akazipanga verandani.

"Miguu inasema sana," aliniambia, akipangusa samadi.

Nilimstahi. Alikuwa amefanya kile hasa kitabu kinachoshauri. Mchezo wa kujificha na kutafutana hauna msawazo wa mtu kuamua jambo moja na kulishikilia; ukizoea kujificha mwanzo wa mstari, utatafutwa mwanzo wa mstari. Msawazo upo, lakini ni wa kura: mfichaji afiche kwa bahati nasibu, na mtafutaji naye atafute kwa bahati nasibu. Huo tu ndio hauna mwanya. Nilimweleza hayo mchumba wangu tukila chipsi mjini, nikidhani namletea habari njema.

"Kwa hivyo siku ya kuchukua bibi yangu nirushe shilingi," alisema.

"Si shilingi. Tutakuwa watano. Itabidi utafute kitu kingine."

Akaweka kijiti chake chini. "Unajiskia kweli vile unasema?"

"Ndiyo msawazo. Ni mmoja tu, na ni huo."

"Na mimi sitajua ni wewe."

"Hakuna mtu anaweza kujua. Ndiyo maana ya kura."

Alitazama nje ya dirisha. Niliona nimemuumiza na sikujua nirekebishe vipi, kwa hivyo nikamwongezea mfano wa mlinda lango na penalti. Haukusaidia.

"Mimi nitafanya vile tulisema," alisema mwishowe. "Tukipoteana, nasimama. Wewe unakuja."

"Siwezi kuja! Bibi harusi hajipeleki. Ni aibu, watu watasema mpaka Limuru."

"Basi tutaona," akasema, akaendelea na chipsi zake.

Siku moja kabla ya shughuli, wanawake walijaa jikoni kwetu wakimenya viazi. Mimi nilikuwa nimekalishwa kwenye kigoda, na nilikatazwa kugusa kisu. Katikati ya mazungumzo tata akaniuliza, bila hata kuinua macho, "Haya, na nyinyi mmepanga ishara gani?"

Jikoni kukazuka kicheko. Nilikuwa na dakika ya kufikiri, na kwa bahati mbaya niliitumia. Nikikana, atajua kuna kitu. Nikimdanganya, atachunguza mpaka apate. Lakini nikimwambia ukweli mtupu, mwanamke mjanja kama huyu ataona ni mtego. Atajipanga kinyume chake, na hapo atakuwa amejikoroga mwenyewe.

"Tumepanga asimame tu," nilisema. "Halafu mimi niinuke nimwendee."

"Aa. Sawa," alisema tata, akachukua kiazi kingine.

Nilijipongeza kimoyomoyo. Ningelala usingizi mzuri usiku huo kama nisingekumbuka jambo dogo. Tata aliniamini. Alikuwa mtu wa kanisa na wa chama cha akina mama, na mtu akimwambia kitu alikichukua vile kilivyo. Katika michezo yote niliyowahi kuchora ubaoni sikuwahi kuweka mchezaji wa namna hiyo, maana vitabu vyetu havimtambui.

Wageni walifika siku ya pili basi likiwa limejaa vumbi. Waliimba nje ya lango, wanawake wetu wakawaimbia kutoka ndani kwamba hawawajui, wakaimbiana hivyo hadi pande zote mbili zilipochoka na lango likafunguliwa. Wazee wakajifungia sebuleni na mambo yao. Mimi nilikuwa chumbani navalishwa gambuti za Baba, pamoja na dada yangu, binamu zangu wawili na rafiki yangu wa tangu shule ya msingi, ambaye alicheka mpaka kope za bandia zikamtoka. Tulifunikwa. Tukaongozwa kwa mkono hadi uani kama vipofu, tukaketishwa kwenye benchi refu lililoazimwa kanisani. Sikujua niko mwanzo, katikati au mwisho.

Ndani ya leso mpya kuna joto, na kuna harufu ya wanga wa dukani. Nilikuwa naona mwanga mwekundu na si kitu kingine. Nilisikia nyimbo zikipanda, nikasikia vigelegele, nikajua ameletwa. Kisha nikasikia viatu vyake juu ya kokoto. Navijua viatu hivyo. Vilikuja, vikakaribia, vikasimama.

Havikuendelea. Wimbo ulimngoja kwa ubeti mmoja zaidi, ukamngoja kwa mwingine, halafu ukaisha nguvu. Msemaji wa upande wetu, aliyekuwa na kipaza sauti na hakujua kukaa kimya, akasema, "Bwana Mpimaji, hapa hatupimi shamba! Chukua bibi twende tukule!" Watu wakacheka. Viatu havikusogea. Nilisikia mjomba wake akimwambia kitu kwa kilugha chao, kwa sauti ya mtu anayeomba, na bado havikusogea.

Alikuwa amesimama, kama tulivyosema. Nilikuwa nimepotea, naye alikuwa ananingoja pale alipo.

Basi nikaanza. Niinuke? Nikiinuka, nimejipeleka kwa mume mbele ya wazee, na Baba atasema hajachagua, amechaguliwa. Nisipoinuka, atasimama hapo mpaka jua litue, maana namjua, na Baba atasema Bwana Mpimaji ameshindwa. Kwa hivyo afadhali niinuke. Lakini tata anajua kwamba nitainuka, nilimwambia mwenyewe jana. Kama aliniamini, ameshaweka kitu. Kama hakuniamini, anadhani sitainuka, na hapo ni salama kuinuka. Lakini mbona alisema "sawa"? Mtu anayeona mtego hasemi sawa. Isipokuwa anataka nidhani kwamba hakuuona.

Nikiwa hapo, nilisikia gambuti. Zilikuwa kushoto kwangu. Mtu aliinuka kutoka kwenye benchi akaanza kwenda, kwap, kwap, kwenye kokoto. Kisha za pili. Benchi likapungua uzito upande mmoja, nami nikajikuta nashuka kidogo. Za tatu zikaondoka, na za nne. Uani watu walilipuka kwa kicheko na vigelegele, na juu ya makelele yote niliisikia sauti ya tata ikisema, imeridhika kabisa, "Haya, mke wako ndiye huyo anakuja! Mchukue!"

Ndipo nikaelewa alichofanya. Aliwaambia wengine: akisimama, inukeni wote mumwendee. Mimi hakuniambia, kwa sababu aliamini kwamba nitainuka bila kuambiwa. Kwa mpango wake, mume wangu angezungukwa na leso tano zinazofanana, zote zikiwa zimemwendea, na ishara yetu ingekuwa haina thamani tena. Ulikuwa mpango mzuri. Kosa lake moja tu lilikuwa kudhani mimi ni mtu wa kutenda.

Na je, niliinuka basi? Sikuinuka. Nilikuwa na swali jipya. Wanne wamekwenda, mmoja amebaki. Nikiinuka sasa, wa mwisho, nitaonekana nimeiga. Nikibaki, nitaonekana ni yule aliyewekwa ili abaki. Kuna uwezekano tata alitarajia nibaki, na kuna uwezekano yeye, mume wangu, anajua kwamba tata alitarajia hivyo. Nilitaka kulia, na nilitaka pia kalamu.

Viatu vikasogea. Vilipita katikati ya zile gambuti, vikawaacha wasichana wakichekelea chini ya leso zao, vikaja kwenye benchi, vikasimama mbele yangu. Nilisikia pumzi yake. Nilimsikia akicheka, polepole, kile kicheko chake cha puani.

"Ni huyu," alisema.

Akaikunja leso kutoka usoni pangu, na jua likanipiga machoni. Nadhani nilikuwa nimekunja uso, maana watu wa mbele walianza kucheka kabla ya wa nyuma kuona. Vigelegele vilipanda hadi ng'ombe wakaitikia. Mjomba wake alivua kofia akaitupa hewani. Tata alisimama na mikono kiunoni, akiwatazama wale wanne waliobaki wameduwaa katikati ya uwanja na gambuti zao, kama mtu aliyetega mtego vizuri na akamkosa kuku.

Baba alinyanyua mkono, na watu wakanyamaza.

"Umemjuaje?" alimuuliza. Aliuliza kweli, si kwa ajili ya kipaza sauti.

Mume wangu alijipangusa kipaji cha uso kwa kiganja. "Mzee, hawa wengine wote wameshaamua," alisema. "Huyu bado anapiga hesabu."

Nimewahi kumwona Baba akitabasamu mara nyingi, lakini kucheka hakuwa mtu wa kucheka. Siku hiyo alicheka mpaka akatafuta bega la mtu wa kushikilia, na bega lililokuwa karibu lilikuwa la mjomba wa Kakamega. Alipopata pumzi alimshika mume wangu mkono kwa mikono yake miwili.

"Wa kutuambia kitu kiko, hapa nyumbani tunaye tayari," alisema. "Tulikuwa tunatafuta wa kujua kiko wapi."

Wale wa Magharibi hawakuelewa, na wale wa Kabete hawakuelewa pia, lakini walipiga makofi. Mimi nilielewa. Machozi yalinitoka hapo hapo, nusu ya furaha na nusu ya hasira, na rafiki yangu akanifuta kwa glavu iliyonuka ng'ombe.

Tulipokuwa tukielekea kwenye meza, mimi nikiburura gambuti zilizokuwa kubwa kuliko miguu yangu, nilimvuta kando.

"Tulikubaliana unasimama," nilimwambia. "Hukutakiwa kusogea."

"Na wewe tulikubaliana unakuja."

"Nilikuwa nakuja."

"Najua," alisema. "Nimekungoja miaka hii yote, si najua vile wewe huwa unakuja?"

Nilitembea kidogo nikiwaza. Jambo lilikuwa halijakaa sawa kichwani mwangu. "Na kama ningeinuka pamoja na wao? Wote watano tungekuwa mbele yako. Ungefanya nini?"

Hakuhitaji hata kufikiri. "Ningechukua yule wa mwisho kufika."

Nimelitafutia jibu hilo kasoro tangu siku hiyo, kwa kalamu na bila kalamu. Wakati mwingine mume wangu hunikuta nimesimama jikoni na kijiko mkononi, na huwa haniulizi nawaza nini.